Kugawanya kwanza kunavyomla mkulima wa alizeti Mpwapwa

MSIMU wa alizeti unapoiva wilayani Mpwapwa, mnunuzi hufika kijijini na mizani, daftari na simu yenye kikokotoo. Mkulima hufika na magunia yake, na bei aliyoisikia kwa jirani. Bei hiyo mara nyingi ni ya gunia. Bei ya mnunuzi ni ya kilo. Hapo katikati, kati ya gunia na kilo, ndipo fedha nyingi za mkulima hupotea bila mtu kuiba kitu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hilo. Bei si ya soko la leo, ni ya kufanyia hesabu tu. Wakulima na mnunuzi wamekubaliana kwamba gunia la alizeti la kilo 65 ni Sh50,000. Mkulima wa Kibakwe ameleta mzigo, umepimwa, umetoka kilo 1,300.

Mnunuzi anabonyeza simu yake: 50,000 gawanya kwa 65. Kioo kinaandika 769.2307. Anamwonyesha mkulima na kusema kwa upole kabisa, "Mzee, hizi shilingi 19 hazina chenji, tuseme 750 ili twende sawa." Mkulima anaona ni shilingi 19 tu, hata pipi hazinunui. Anakubali. Kilo 1,300 kwa Sh750 ni Sh975,000. Anahesabiwa, anashukuru na kuondoka.

Hesabu hiyo hiyo ingeweza kupangwa kwa namna nyingine. Kabla ya kugusa bei, kilo 1,300 zigawanywe kwa 65. Jibu ni 20, bila masalia. Kwa maneno mengine mkulima ameleta magunia 20 kamili. Magunia 20 kwa Sh50,000 ni Sh1,000,000. Haikuhitajika chenji, wala hapakuwa na shilingi 19 za kubishania. Sh25,000 zimebaki kwa mnunuzi kwa sababu moja tu, kwamba kugawanya kulifanyika mahali pabaya.

Ikumbukwe kuwa Sh25,000 katika milioni moja ni asilimia mbili na nusu. Kwa miaka mingi wakulima wa kanda ya kati wamelalamikia ushuru wa mazao, na kelele hizo zilisikika: mwaka 2017 serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wabunge waliusemea, magazeti yaliuandika. Lakini mkulima yule yule anayehesabu kila senti ya ushuru anaacha asilimia mbili na nusu kituoni kwa hiari yake, kwa kuwa imevaa sura ya shilingi 19.

Chama cha ushirika kikikusanya tani 130 na kuuza kwa hesabu hiyo hiyo, tofauti inakuwa Sh2,500,000. Kamati ya chama inaweza kukaa vikao vitatu kujadili posho za wajumbe na isitumie hata dakika tano kuuliza ile 750 ilitoka wapi.

Chanzo cha tatizo hili si ujinga wa mkulima. Kwa sehemu kubwa chanzo ni shule. Kila aliyemaliza shule ya msingi Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo limewasaidia watoto wengi kufaulu mitihani, na halina kosa pale kwenye ubao. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huondoka nalo akiamini kuwa kugawanya lazima kutangulie kuzidisha, kama vile mkubwa anavyotangulia kunawa mikono.

Ukweli ni kwamba kuzidisha na kugawanya ni ndugu wa umri mmoja. Kwenye hesabu yenye kuzidisha na kugawanya peke yake, kila namba hutembea na alama yake, na mpangilio hauna shida. Gawanya 50,000 kwa 65 kisha zidisha kwa 1,300, au zidisha 50,000 kwa 1,300 kisha gawanya kwa 65, au gawanya 1,300 kwa 65 kisha zidisha kwa 50,000. Njia zote tatu zinafika mahali pamoja, ilimradi hakuna anayekata desimali njiani.

Tofauti ni ugumu wa njia. Ya kwanza inapita kwenye desimali zisizoisha, na ndipo kishawishi cha kukata kinapoingia. Ya pili inapanda hadi milioni 65 kabla ya kushuka. Ya tatu mkulima anaweza kuimaliza kichwani akiwa amekaa juu ya gunia lake.

Kwa hiyo swali la kwanza halipaswi kuwa "nianze na kugawanya au kuzidisha?" bali "ni namba zipi hapa zinagawanyika bila kubakiza?" Hizo ndizo zishughulikiwe mwanzo. Zinazobakiza zisubiri mwisho, na kama ni lazima kukata vijisenti, vikatwe kwenye jumla ya mwisho, mara moja, mbele ya pande zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba mizigo haiji na kilo 1,300 za kupendeza namna hiyo. Ni kweli. Basi uwe mzigo wa kilo 1,345. Ndani yake yamo magunia 20 kamili, ambayo ni kilo 1,300, na kilo 45 zinabaki. Magunia kamili yanajulikana: Sh1,000,000. Zilizobaki ni 45 katika 65, na namba zote mbili zinagawanyika kwa tano, zinakuwa 9 katika 13. Zidisha 50,000 kwa 9, gawanya kwa 13: ni Sh34,615 na kitu kidogo. Kile kitu kidogo ndicho pekee cha kusamehewa. Jumla ni Sh1,034,615. Kwa Sh750 kwa kilo mkulima angepata Sh1,008,750, yaani angekuwa amepoteza zaidi ya Sh25,800.

Hata hivyo, haina maana kwamba bei ya kilo ni mbaya. Kupima kwa mizani na kulipa kwa kilo ndiyo njia ya haki, na Wakala wa Vipimo, tangu ulipoanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiwahimiza wakulima waachane na kuuza kwa macho. Kosa ni kukubaliana bei kwa kipimo kimoja na kulipana kwa kipimo kingine kilichokatwa njiani. Kama bei imetajwa kwa kilo tangu mwanzo, Sh770 au Sh765, basi ni maelewano na kila mtu anajua alichokubali.

Suala la lumbesa nalo linaonekana vizuri zaidi hesabu ikipangwa upya. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wauzaji wa vitunguu wanajua kinachotokea: gunia linafumwa kofia juu, linafika kilo 120, bei inabaki ya gunia moja. Mkulima akiambiwa "umezidisha kilo 20" haoni uzito wa jambo, kwa sababu kilo 20 ni debe tu. Lakini 120 mara 5 ni sawa na 100 mara 6. Maana yake kila lumbesa tano zinazopakiwa kwenye lori, gunia la sita limekwenda bure. Mwenye lumbesa 50 ametoa zawadi ya magunia kumi. Akiambiwa hivyo, pengine usingizi utamruka.

Njia hii ya kuhamisha namba kutoka upande mmoja kwenda mwingine si ya kigeni kwa watu wa Mpwapwa, ila haijapewa jina. Shamba la ekari moja linapimwa kwa hatua 70 kwa 70. Sababu yake ni kwamba ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, karibu sana kwa mtu mwenye hatua ndefu ya yadi moja. Lakini shamba la kando ya korongo halina upana wa hatua 70. Mzee anayekata eneo hilo hupima upana wa 35, yaani nusu, kisha urefu wa 140, yaani maradufu. Amepunguza huku na kuongeza kule, na ekari imebaki ile ile. Kinachobadilika ni mzunguko: wa kwanza una hatua 280, wa pili 350, kwa hiyo boma la miiba litahitaji matawi zaidi. Hilo mzee hulijua baadaye, akiwa na panga mkononi.

Nusu huku, maradufu kule. Mnadani inafanya kazi vizuri kuliko kikokotoo. Mbuzi 12 kwa Sh75,000: mbuzi sita kwa Sh150,000, mbuzi watatu kwa Sh300,000, ni Sh900,000. Mchuuzi wa mnadani anaimaliza kabla mwenzake hajatoa simu mfukoni. Kilo 48 za karanga kwa Sh1,250: nane mara 1,250 ni 10,000, na ndani ya 48 zimo nane sita, kwa hiyo ni Sh60,000. Kitu chochote cha kuzidisha kwa 25 kigawanywe kwa 4 na kuongezewa sifuri mbili.

Wamisri wa kale walizidisha kwa namna inayofanana na hiyo. Karatasi ya mafunjo iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes, takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo sehemu yake kubwa ipo katika jumba la makumbusho la Uingereza jijini London, imejaa hesabu za mikate, bia na nafaka, na kuzidisha humo hufanywa kwa kurudufu namba na kujumlisha. Nao walikuwa wakigawana chakula na kupima nafaka ya maghalani.

Asilimia pia zinakubali kugeuzwa, na hapo wafanyabiashara wadogo wengi hawajui walichonacho. Asilimia 18 ya Sh50,000 inaonekana ngumu. Igeuzwe: asilimia 50 ya 18,000. Ni nusu, Sh9,000. Ushuru wa asilimia 2 kwa mazao ya chakula ni gunia moja katika kila magunia 50. Mwenye magunia 75 ya mtama ajue ushuru wake ni thamani ya gunia moja na nusu, na akitajiwa kiasi kikubwa kuliko hapo aombe aonyeshwe hesabu.

Mwenye duka la rejareja hupotea kwa njia ile ile ya mkulima, ila yeye hujidhulumu mwenyewe. Amenunua dumu la mafuta la lita 20 kwa Sh90,000, anauza kwa kipimo cha robo lita. Lita moja ina robo nne, dumu lina vipimo 80. Sh90,000 zigawanywe kwa 8 ni 11,250, na kwa 10 ni Sh1,125. Hiyo ni gharama ya kipimo kimoja kabla ya kodi ya pango na mafuta yanayobaki kwenye kuta za dumu. Wapo wanaokadiria "kama elfu moja na mia hivi" na kuuza kwa bei hiyo ili kuvuta wateja. Wateja wanavutwa kweli. Mwisho wa dumu kuna Sh88,000, na mwenye duka anamlaumu mtoto aliyemwachia duka.

Lakini mahali ambapo kugawanya kwanza kunaleta ugomvi mbaya zaidi ni kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, siku ya kuvunja sanduku. Chukua kikundi chenye Sh6,500,000 na hisa 1,400. Mweka hazina anagawanya, anapata 4,642.857. Anasema hisa moja ni Sh4,600. Mwanachama mwenye hisa 70 anapewa Sh322,000. Kila mtu akishalipwa, sandukuni kunabaki Sh60,000 ambazo hazina mwenyewe. Kuna vikundi huziita za chai, kuna vinavyosema ni za uongozi. Mara nyingi minong'ono huanzia hapo, na mwaka unaofuata wanachama watano hawarudi.

Mwanachama yule mwenye hisa 70 angeweza kuanza upande mwingine. Hisa 1,400 zikigawanywa kwa 70 ni 20. Yeye ana sehemu moja ya ishirini ya sanduku. Sh6,500,000 gawanya kwa 20 ni Sh325,000 kamili. Sh3,000 zake zimo ndani ya zile za chai. Kila mwanachama akihesabiwa namna hiyo, masalia hayawezi kufika hata Sh100 kwa mtu, na hayo ndiyo yanunuliwe majani ya chai.

Ipo mipaka ambayo lazima isemwe, maana anayejua nusu ya jambo hili anaweza kujiumiza. Kuhama huku kunahusu kuzidisha na kugawanya tu. Kukiwa na kutoa, mpangilio unarudi kuwa sheria. Uzito wa magunia matupu utolewe kwenye kilo kabla ya kuzidisha kwa bei, na hapo mabano ya MAGAZIJUTO yanastahili heshima yake yote. Tena anayegawanya kwa namba mbili, kwa mfano Sh840,000 kwa watu 7 wa siku 4, abonyeze kugawanya mara zote mbili. Akibonyeza gawanya kwa 7 kisha zidisha kwa 4, simu itamwambia kibarua mmoja ni Sh480,000 kwa siku badala ya Sh30,000. Kikokotoo hakishtuki.

Kwenye dawa za shambani kosa la kugeuza ni baya zaidi kuliko la fedha. Dawa imeandikwa mililita 30 kwa lita 20 za maji, na bomba la kupulizia ni la lita 15. Lita 15 katika 20 ni robo tatu. Mililita 30 gawanya kwa 4 ni 7.5, mara tatu ni 22.5. Aliyepindua 15 na 20 atapata 40 na kuunguza mboga zake. Kabla ya kumimina ajiulize kama bomba dogo linaweza kutaka dawa nyingi kuliko kubwa.

Wala hesabu nzuri haiponyi namba za uongo. Kongwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa, ndiko Waingereza walikoanzia mradi wao wa karanga mwaka 1947. Walipanga mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, jumla ekari 3,210,000, na kuzidisha huko hakuna mwalimu anayeweza kukukosoa. Lakini mwaka wa kwanza walitarajia kufyeka ekari 150,000 na hawakufikisha hata 10,000. Mibuyu, udongo unaokauka ukawa kama saruji na mvua za Ugogo havikuwemo kwenye karatasi. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35.

Tatizo la alizeti, kwa bahati nzuri, halihitaji pauni milioni 35. Linahitaji mstari mmoja zaidi kwenye stakabadhi. Vyama vya ushirika na halmashauri vina uwezo wa kudai kwamba kila stakabadhi ya ununuzi ionyeshe mambo manne: kilo zilizopimwa, bei iliyokubaliwa pamoja na kipimo chake, yaani kwa gunia la kilo ngapi, hesabu yenyewe, na jumla. Leo stakabadhi nyingi huandikwa kilo na jumla peke yake, na ile 750 haionekani popote.

Wanunuzi waaminifu hawatapata hasara kwa hilo. Wengi wao wamebanwa na mizani ya kiwanda cha kukamua, na nao hukatwa huko kama wanavyokata huku. Watakaolalamika kwamba inachelewesha foleni waambiwe kwamba kugawanya 1,300 kwa 65 hakuzidi muda wa kufunga gunia moja.

Maofisa ugani nao, ambao hutembea na vipeperushi vya mbegu na nafasi za kupandia, wangeweza kutenga nusu saa ya mkutano mmoja kabla ya mavuno kwa ajili ya hesabu hii. Mpwapwa ina chuo cha ualimu, na walimu wanafunzi wakienda mazoezini vijijini wanaweza kuifundisha MAGAZIJUTO pamoja na maelezo yake, kwa mizigo ya alizeti badala ya machungwa ya kwenye kitabu.

Mstari huo ukiandikwa, mtoto wa darasa la sita anaweza kuikagua stakabadhi usiku ule ule, na baba yake akarudi kituoni asubuhi kabla lori halijaondoka kwenda Dodoma.